Anza na Mtu, Dhamira Itakuja: Ushauri kwa Anayetaka Kuandika Riwaya

Vijana wanaotaka kuandika riwaya huniuliza swali moja kuliko yote: "Nianze na dhamira gani?" Mmoja anataka kuandika juu ya rushwa, mwingine juu ya ndoa za utotoni, mwingine dawa za kulevya. Mada hizo ni nzito na zinatuhusu sote, na wanaouliza wana nia njema. Lakini nikifungua miswada yao nakuta jambo lile lile: kurasa zimejaa mafunzo, na ndani yake hamna mtu hata mmoja ambaye ningemtambua nikipishana naye njiani. Msichana mtiifu anafaulu, msichana mkaidi anaharibikiwa, tajiri fisadi anafungwa, na msomaji ameshaujua mwisho kabla hajamaliza ukurasa wa pili.

Chanzo chake nakijua. Wengi wetu tulikutana na riwaya darasani, mtihani ukiwa unatusubiri. Tulifundishwa kuchambua dhamira, migogoro, wahusika, mandhari na mafunzo tunayoyapata. Uchambuzi huo una kazi yake, ila unaanzia pale mwandishi alipomalizia. Mhakiki anapokea kitabu kilichokamilika na kuitafuta dhamira ndani yake. Mwandishi anaanza na mtu, mahali, na jambo linalomnyima mtu huyo usingizi; dhamira mara nyingi anaigundua akiwa amefika katikati ya mswada. Ushauri wangu wote katika makala haya unatokana na hilo: jifunze kumwandika mtu, kisha yapange maisha yako yakuruhusu kuendelea kumwandika mwaka baada ya mwaka.

Soma kama fundi

Fundi seremala akikuta kiti kizuri hukipindua atazame kilivyoungwa. Riwaya nayo isome hivyo. Mara ya kwanza soma kwa raha zako, bila kalamu. Mara ya pili chagua sura moja tu na uiulize maswali ya kazi. Mwandishi ameanzia wapi, na kwa nini hakuanzia siku moja kabla? Mhusika mkuu ameingia akiwa anafanya nini? Ni habari gani tumefichwa, na tunaipata ukurasa wa ngapi? Nani anasimulia, na msimulizi huyo hawezi kujua nini?

Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoka kitabu mwaka 1960. Ukishajua nani alifanya nini, rudi mwanzo na penseli. Weka alama kila dalili inapotajwa kwa mara ya kwanza, halafu tazama mpelelezi wake, Bwana Msa, anavyokuja kuitumia baadaye. Ukimaliza zoezi hilo utakuwa umejifunza taharuki kuliko ungesoma maelezo yake katika kitabu cha nadharia.

Kisha chukua *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake kwa kinywa chake, kuanzia Tanga hadi safari ya kumtafuta baba yake Kitale. Jiulize nafsi ya kwanza imempa mwandishi nini, na imemgharimu nini. Inatuweka karibu sana na kijana huyu, lakini jambo ambalo hakuliona wala kusimuliwa hawezi kutupa. Kila namna ya kusimulia ina bei yake, na ni vizuri kuijua bei kabla ya kununua.

Soma pia waliovunja taratibu. Euphrase Kezilahabi aliandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya inayokwenda hatua kwa hatua katika maisha tunayoyafahamu. Karibu miaka ishirini baadaye akatoa *Nagona*, ambamo mtiririko wa kawaida wa matukio umeachwa kabisa. Aliyeuvunja ukuta wa taratibu hizo alikuwa ameshajenga nyumba kadhaa zilizosimama. Soma na tafsiri: *Peponi*, ambayo Ida Hadjivayanis aliitoa mwaka 2022 kutokana na riwaya ya Abdulrazak Gurnah, itakuonyesha Kiswahili kikibeba simulizi la upole lisilo na haraka. Na ukipata ukurasa uliokushika, uinakili kwa mkono daftarini. Mkono utakuonyesha urefu wa sentensi na mahali pa kuvuta pumzi ambapo jicho lilipita bila kuona.

Mtu kwanza

Tuiangalie *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Ukiambiwa ni riwaya ya harakati za kupinga ukoloni Unguja, umeambiwa kweli. Lakini mlango tunaoingilia ni Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume aliyemzidi mno umri na asiyempenda. Anataka kuishi maisha yake. Hamu hiyo moja ndiyo inayomtoa nyumbani, ndiyo inayomkutanisha na mwanaharakati Denge na wenzake, na ndiyo inayotufikisha kwa polisi wa kikoloni na kwenye kuta zilizokuwa zikizitenga jamii za Unguja. Siasa imo tele, na hatukuitiwa mkutano kuisikiliza. Tumeikuta njiani, tukimfuata mtu tunayemhofia.

*Rosa Mistika* nayo, iliyopigwa marufuku mashuleni kwa muda, inamfuata mtu: Rosa. Mpaka leo wasomaji wake hubishana: kuharibikiwa kwake ni kosa la nani? La Zakaria, baba mkali kupita kiasi? La shule? La Rosa mwenyewe? La wanaume waliomzunguka? Ubishi huo ni heshima kubwa kwa mwandishi. Kitabu ambacho kila msomaji anakifunga akiwa na jibu lile lile kingeweza kuandikwa kwenye bango la barabarani.

Basi unapomtafuta mhusika wako, usianze na sifa zake. Anza na maswali matatu. Anataka nini wiki hii? Nani au nini kinamzuia? Atapoteza nini akikosa, na nini akipata? Nasema wiki hii kwa makusudi. "Anataka maisha bora" haikupi pa kuanzia. "Anataka shilingi elfu thelathini za fomu kabla ya Ijumaa, na mwenye nazo ni shemeji aliyegombana na mama yake" inakupa sura nzima, na pengine riwaya.

Tuone kwa karibu. Miswada mingi huanza namna hii:

"Neema alikuwa msichana mwenye heshima aliyezaliwa katika familia maskini. Mama yake alikuwa na madeni mengi, na jambo hilo lilimtia Neema aibu kubwa."

Hizo ni taarifa. Tumeambiwa heshima, umaskini, deni na aibu, na hakuna hata kimoja tulichokiona. Jaribu kumpeleka Neema dukani:

"Neema alisubiri mteja wa mwisho aondoke, ndipo akasogea dirishani.

'Shikamoo, Mangi. Mama kasema umpe mafuta ya mia tano na unga kilo. Umwandikie.'

Mangi alivuta daftari, akapekua. Jina la mama Neema lilikuwa kila ukurasa alioshika.

'Mafuta chukua,' alisema. 'Unga mwambie aje mwenyewe.'

Neema alificha chupa kwenye upindo wa khanga, akarudi kwa njia ya nyuma ya msikiti, japo ya mbele ndiyo fupi."

Neno umaskini halimo, na aibu haikutajwa. Deni limo daftarini. Aibu imo katika kusubiri wateja waishe na katika kuchagua njia ndefu. Heshima imo kwenye shikamoo, ambayo Mangi hakuiitikia. Zaidi ya hayo, tukio limezaa swali: mama ataenda dukani mwenyewe, au hataenda? Na akienda, dirishani kutasemwa nini? Ile aya ya taarifa ilikuwa imefunga kila kitu. Hii imekupa sura inayofuata.

Usielewe kwamba taarifa ni haramu. Miaka kumi ya maisha ya mtu inaweza kupita kwa sentensi mbili, na msomaji akashukuru. Siri iko katika kujua mahali pa kupita haraka na mahali pa kuketi. Keti pale ambapo uamuzi unafanyika, pale mtu anapopoteza kitu, na pale watu wawili wanapotaka mambo yasiyoweza kukaa pamoja.

Sikiliza watu wanavyosema

Kasoro ya pili ninayoikuta sana ni mazungumzo. Mzee wa Pemba, konda wa Mbagala, mwalimu wa Bukoba na mama muuza mboga wote wanasema kama msomaji wa taarifa ya habari. Msimulizi wako anaweza kutumia Kiswahili sanifu cha hali ya juu, na inapasa akijue barabara. Kaa na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* au *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA mezani. Lakini mhusika anapofungua kinywa, aseme kama watu wa kwao, wa rika lake na wa kazi yake.

Adabu zetu za kuzungumza ni hazina ambayo waandishi wengi wanaipita. Tazama salamu peke yake. Nani ameanza? Marahaba imetoka mara moja, au imechelewa? Marahaba iliyochelewa inatosha kumwambia msomaji kwamba kuna ugomvi, bila maelezo yoyote. Tazama watu wanavyoitana: mume anayemwita mkewe mama Asha miaka yote, siku anapomwita kwa jina lake la utotoni kuna jambo limetokea. Wifi anapoacha kusema wifi, mkwe anapoongea bila kuinua macho, mtoto anapomjibu mjomba wake akiwa ameketi, hayo yote ni matukio. Yaandike kama yalivyo na umwachie msomaji ayasome.

Methali zina mahali pake, na mahali hapo ni kinywani mwa mtu ambaye kweli angezisema, kwa wakati ambao angezisema, na ikiwezekana kwa nia ya kumchoma mtu aliye chumba cha pili. Msimulizi anayefunga kila aya kwa methali anamwamulia msomaji. Lugha ya mtaani nayo itie kwa kiasi. Maneno ya vijana hubadilika haraka, na kitabu kinachoyategemea mno huzeeka kabla ya mwandishi wake. Neno moja au mawili mahali panapostahili yatatosha kuonyesha nani anaongea.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo halifundishwi mara kwa mara. Kiswahili kimetupa -ka-, kiambishi kinachoisukuma hadithi mbele: aliamka, akanawa, akavaa, akatoka. Ni chombo kizuri sana cha msimulizi, na ndiyo maana kinatumika kupita kiasi. Aya nzima ya -ka- huyapa matendo yote uzito ule ule. Kunawa uso na kukuta maiti vinapita kwa mwendo mmoja. Ukifika mahali pa kumsimamisha msomaji, badilisha mwendo. "Alipanda ngazi, akasukuma mlango, akawasha taa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vya mumewe havikuwapo." Sentensi mbili za mwisho zimesimama, na msomaji amesimama nazo. Chukua ukurasa wako mmoja leo, pigia mstari kila -ka-, na uangalie kama mwendo unabadilika pale jambo linapobadilika.

Msuko: kila sura ibadilishe kitu

Kwenye kupanga matukio nina mashauri machache. Anzia karibu na tatizo. Ukoo, kuzaliwa na shule ya msingi vitaingia baadaye vikihitajika. Kila sura imwache mhusika mahali tofauti na alipokuwa: amejua jambo, amepoteza mtu, amejifunga kwa ahadi. Sura ambayo ukiitoa hakuna kinachobadilika, itoe. Bahati inaruhusiwa kumwingiza mhusika matatani, lakini isimtoe. Mjomba tajiri asiyetajwa kokote hawezi kushuka kutoka Dubai sura ya mwisho akalipa madeni yote.

Kabla ya riwaya andika hadithi fupi kadhaa. Hadithi fupi itakufundisha kumaliza, na kumaliza ndiko kunakowashinda wengi. Nimeona sura za kwanza nzuri ajabu ambazo hazikupata ya nne, kwa sababu mwandishi alikuwa bado anaing'arisha ile ya kwanza.

Rasimu ya kwanza iandike hadi mwisho

Andika rasimu ya kwanza mpaka mwisho, hata kama inakukera. Iweke kando majuma kadhaa, kisha uirudie kwa awamu. Awamu ya kwanza tazama mambo makubwa tu: mhusika anataka nini, hadithi inaanza wapi, mwisho umetokana na matendo yake au umebandikwa? Awamu ya pili tazama sura moja moja. Awamu ya tatu ndipo uingie kwenye sentensi, tahajia na vituo. Anayeanza na vituo atapoteza mwezi akiipamba sura ambayo baadaye ataifuta.

Soma kwa sauti. Lugha yetu ilisimuliwa na kuimbwa karne nyingi, na sikio la Mswahili ni kali. Mahali ulimi unapojikwaa, msomaji naye atajikwaa. Kisha tafuta wasomaji wawili au watatu wasiokuogopa. Usiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watajibu kwa adabu. Waulize walichoka ukurasa wa ngapi, ni nani waliyemchanganya na nani, na walidhani nini kitatokea. Wakijibu, andika majibu yao na usijitetee. Wakiwa wawili wamechoka mahali pamoja, mahali hapo pana tatizo, hata kama dawa wanayopendekeza siyo.

Pia fanya utafiti. Shafi Adam Shafi alipoandika *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979, alijenga hadithi ya mhusika wake Rashidi juu ya maisha ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Ukitaka kuandika bandari, nenda bandarini, uliza zamu zinabadilishwa saa ngapi, mzigo unabebwaje, nani anamlipa nani na wapi. Ukitaka kuandika miaka ya zamani, wazee wapo, na Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zipo. Jambo dogo lililo sahihi humfanya msomaji akuamini katika yale makubwa uliyoyabuni.

Maisha ya mwandishi na kazi inayomlisha

Niseme wazi: ni nadra kwa mwandishi wa riwaya ya Kiswahili kuishi kwa vitabu vyake pekee. Jambo hili lisikukatishe tamaa, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hata kwa wakubwa wetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, alikuwa karani katika idara za serikali ya kikoloni alipokuwa akiandika. Muhammed Said Abdulla alikuwa mwandishi wa habari na mhariri. Kezilahabi alifundisha chuo kikuu, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Ken Walibora alifanya kazi ya utangazaji. Kazi ya mshahara iliwapa unga, na pia iliwapa watu wa kuwatazama.

Kwa hiyo usingoje siku utakayokuwa huru. Tafuta saa moja isiyo na mwenyewe, kabla ya alfajiri au baada ya watoto kulala, na uilinde. Ukurasa mmoja kila siku ya kazi unatosha kukufikisha mwisho wa rasimu ndani ya mwaka. Simu iache chumba kingine. Waambie wa nyumbani kwamba hiyo ni kazi, uiseme hivyo hivyo, nao wataanza kuiheshimu. Hili nawaambia hasa akina mama na akina dada, ambao saa yao ndiyo ya kwanza kuchukuliwa jambo likitokea, na hadithi zao ndizo tunazozikosa zaidi. Mume anayependa kusema mkewe ni mwandishi na aoshe vyombo saa hiyo.

Tembea na daftari dogo. Andika ulichokisikia kwenye daladala, jinsi fundi alivyomjibu mteja, jina la duka, harufu ya ofisi ya ardhi. Lakini kuwa mwangalifu na hadithi yako: ukiisimulia kwa marafiki kila jioni, hamu ya kuiandika inapungua.

Na uwe mwangalifu na watu. Sisi ni watu wa familia kubwa na vijiji vinavyojuana. Jirani akijikuta kitabuni na siri yake, umemdhuru. Changanya watu watatu umpate mmoja, badilisha kazi, kabila na mji, na uliza moyo wako kama unaandika kuelewa au kulipiza. Mhusika aliyeandikwa kwa kisasi huwa bapa, kwa kuwa mwandishi wake hakutaka kumjua zaidi ya kosa lake. Hata mwizi wako mpe sababu ambayo yeye mwenyewe anaiona ya haki.

Mswada, mkataba na fedha

Soko la vitabu vya Kiswahili limeegemea shule. Kitabu kikiteuliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania au na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), kinauzwa kwa maelfu. Kisipoteuliwa, mchapishaji anakuwa na hofu. Hiyo ndiyo sababu wengi wanaandika huku wakiiwaza kamati. Usiiwaze. Andika riwaya iliyo kamili kwanza, na mambo ya uteuzi yaje baadaye kama yatakuja.

Unapopeleka mswada, tuma uliokwisha kusahihishwa, pamoja na muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza hadithi yote hadi mwisho wake. Mhariri siyo msomaji wa kufichwa siri. Soma kwanza vitabu vya mchapishaji huyo ili ujue kama anachapisha kazi kama yako. Kisha jiandae kusubiri, na ukisubiri andika kitabu kingine.

Mkataba ukija, usisaini siku hiyo. Uliza mrabaha ni asilimia ngapi na ya nini: ya bei ya dukani, au ya kile mchapishaji anachopokea baada ya kutoa punguzo? Asilimia kumi ya bei ya kwanza na kumi ya ile ya pili zinatofautiana sana. Uliza hesabu ya mauzo utaletewa lini kila mwaka. Uliza haki za tafsiri, filamu, kitabu cha sauti na kitabu cha mtandaoni ni za nani, na haki zinarudi kwako baada ya muda gani kitabu kikiisha madukani. Ukiona maneno yanayosema unauza haki zote kwa malipo ya mara moja, mtafute mwanasheria. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika, na katika sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Ni mali ambayo wanao watairithi. Usajili katika ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, hukupa ushahidi siku ya ugomvi.

Ukiamua kuchapisha mwenyewe, jua kwamba umejiajiri kazi mbili. Mlipe mhariri kabla ya kumlipa mchapaji. Namba ya ISBN huombwa kwa huduma ya maktaba ya taifa, Tanzania na Kenya. Anayekutaka ulipe ili akuchapishie anakuuzia huduma ya uchapaji. Hiyo ni biashara halali, ila usiichanganye na mchapishaji anayeweka fedha zake kwenye kitabu chako.

Siku hizi wengi huanza kwa hadithi za mfululizo kwenye simu, kama waliotangulia walivyoanza kwenye magazeti. Ni shule nzuri ya taharuki, maana msomaji akichoka anaondoka papo hapo. Hatari yake ni kwamba sehemu ya tano hutoka kabla ya kujua ya ishirini, na hakuna anayerudi kusahihisha. Andika yote kwanza, sahihisha, ndipo uigawe. Mashindano nayo yafuatilie. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye kuitwa Safal-Cornell, ilifungua mlango hata kwa miswada ambayo haijachapishwa; *Penzi la Damu* ya Anna Samwel Manyanza ilikuwa miongoni mwa washindi wa mwaka wa kwanza. Tanzania sasa ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na Kenya ina Tuzo ya Jomo Kenyatta tangu miaka ya 1970. Tarehe ya mwisho ya kupokea kazi ina faida hata kwa asiyeshinda: inamlazimisha kumaliza.

Wanaosubiri kuandikwa

Kiswahili kina wasemaji wengi mno kuliko riwaya zake. Mchimbaji mdogo wa Geita, mfanyakazi wa ndani aliyetoka Tanga kwenda Muscat, mwalimu wa shule ya kata asiyepata nyumba, dereva wa lori anayelala Tunduma wiki nzima akisubiri karatasi: wangapi umewasoma? Watu hawa wanazungumziwa kila siku katika ripoti na hotuba, ambamo wanaonekana kwa wingi wao. Riwaya ndiyo inayoweza kumtoa mmoja kati yao na kutukalisha naye mpaka tuelewe kwa nini alifanya alichofanya. Kazi hiyo ni kubwa, na siamini kama kuna chombo kingine kinachoifanya vizuri hivyo.

Kwa hiyo wiki hii chagua mtu mmoja. Mpe jina, mpe jambo analolitaka kabla ya Ijumaa, mweke mbele ya mtu anayeweza kumnyima, na andika walichosemezana. Usieleze anajisikiaje. Ukimaliza, soma kwa sauti, futa sentensi ya kwanza na ya mwisho, uone kama zilihitajika. Wiki ijayo andika kilichotokea baada ya hapo.